Kuchagua Mtoa Huduma wa Intaneti ya Nyumbani

Katika miji na vijiji vya Afrika Mashariki, intaneti ya nyumbani hufika kwa njia nne: waya wa faiba unaoingia ukutani, ruta yenye laini ya simu inayotegemea mnara wa 4G au 5G, antena ndogo ya paani inayoelekezwa kwenye mnara wa kampuni ya mtaani, na dishi la setilaiti. Nyaya za shaba za simu za mezani, ambazo TTCL na Telkom Kenya waliwahi kuzitumia kupeleka intaneti majumbani, zimebaki katika nyumba chache na zinaendelea kuachwa. Njia ndiyo ya kuangaliwa kwanza; jina la kampuni huja baadaye. Kampuni ileile inaweza kutoa huduma nzuri mtaa mmoja na mbovu mtaa wa pili, kwa kuwa huku imevuta faiba na kule inategemea mnara uliojaa watu. Kwa hiyo anayehamia nyumba mpya Mbezi, Ruaka au Nyali huanza kwa kutazama nguzo iliyo nje ya geti: ni waya wa nani umeshafika pale?

Faiba ndiyo ya kuulizwa kwanza. Ni uzi wa kioo unaopitisha mwanga, na haudhoofishwi na mvua, ukuta wala wingi wa simu mtaani kama yanavyodhoofishwa mawimbi ya redio. Katika mfumo unaotumika sana majumbani, unaoitwa GPON, uzi mmoja hutoka kituo cha kampuni ukiwa na uwezo wa takriban gigabiti 2.5 kwa sekunde za kupakua na 1.25 za kupakia, kisha hugawanywa kwa nyumba 32 au 64 kwa kifaa kidogo kinachofungwa kwenye nguzo au ndani ya kisanduku cha jengo. Kifaa hicho hakitumii umeme hata kidogo. Faida yake huonekana Tanesco au Kenya Power wanapokata: ikiwa kituo cha kampuni kina jenereta au betri, mwanga huendelea kufika nyumbani, na kazi inayobaki ni kuiwasha ruta tu. Ruta nyingi za faiba hutumia volti 12 na umeme mdogo sana, hivyo betri ndogo ya ruta, ile inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya elektroniki Kariakoo na Luthuli Avenue, huiweka hewani kwa saa kadhaa. Kwa mtu anayefanya kazi nyumbani, betri hiyo ina thamani kuliko kupanda kifurushi cha juu.

Udhaifu wa faiba ni kukatika. Katapila la ujenzi wa barabara huichimbua, lori refu huuvuta waya uliolegea juu ya njia, panya huutafuna kwenye mifereji ya jengo, na wezi huukata wakidhani ndani mna shaba. Uzi uliokatika haufungwi kwa mkono. Fundi huja na mashine inayoyeyusha ncha mbili za kioo na kuzishikamanisha. Hapo ndipo kampuni zinapotofautiana kwelikweli, na suala hilo litarejewa mbele kwa urefu.

Ruta ya 4G au 5G haihitaji fundi. Mteja huinunua dukani, huichomeka, na akihama huondoka nayo, jambo linalowafaa sana wapangaji na wanafunzi. Vodacom Tanzania ilianza kuuza huduma ya 5G Septemba 2022, na Safaricom ikafuata Oktoba mwaka huohuo. Katika maeneo yenye minara hiyo kasi inaweza kushindana na faiba. Tatizo ni kwamba mnara mmoja unahudumia ruta za nyumbani pamoja na simu zote za mtaa, na idadi yao hubadilika kila saa. Mawimbi ya 5G pia huchoka upesi yakikutana na kuta nene, kwa hiyo ruta inayofanya maajabu dirishani inaweza kuwa hoi chumba cha ndani. Kabla ya kununua, mtu aazime simu yenye laini ya kampuni hiyo, akae chumba kilekile ruta itakapowekwa, na apime saa mbili usiku. Kipimo cha saa nne asubuhi hakisemi chochote cha maana.

Njia ya tatu, ya antena ya paani, imesaidia sana maeneo ambayo kampuni kubwa zilichelewa kuyafikia. Poa Internet ilijijenga katika mitaa ya Nairobi kama Kibera kwa vifurushi vya bei ndogo, na Mawingu ilianzia Nanyuki na kupeleka huduma vijijini. Antena lazima ione mnara. Mti ukikua au jirani akiongeza ghorofa katikati, huduma hudorora taratibu na mteja hubaki akilaumu kifurushi.

Setilaiti, ambayo zamani ilikuwa kimbilio la mwisho, imebadilika. Setilaiti za kale hukaa kilomita 35,786 juu ya ikweta. Swali likipanda na kushuka, na jibu likipanda na kushuka, hupita karibu nusu sekunde, na mazungumzo ya video huwa ya kukatishana maneno. Setilaiti za Starlink huruka takriban kilomita 550 tu, na mwitikio wake unakaribia ule wa nyaya. Starlink iliingia Kenya Julai 2023, na kwa shamba la Laikipia au kituo cha utalii kisicho na faiba wala mnara mzuri, hakuna njia nyingine inayoikaribia. Hata hivyo anga nalo hujaa. Novemba 2024 kampuni hiyo ilisimamisha kwa muda kupokea wateja wapya Nairobi na maeneo jirani kwa sababu uwezo wa eneo hilo ulikuwa umekwisha. Pia dishi lake hula umeme mara kadhaa ya ruta ya faiba, na kwenye nyumba inayotegemea sola hesabu hiyo lazima ifanywe kabla ya kununua. Mjini, penye faiba nzuri, dishi ni akiba tu. Kijijini ndiko mahali pake.

Baada ya njia huja kasi, na hapa matangazo hupoteza watu wengi. Kasi hutangazwa kwa megabiti kwa sekunde (Mbps), ilhali ukubwa wa faili hupimwa kwa megabaiti, na baiti moja ni biti 8. Laini ya Mbps 10 hupakua takriban megabaiti 1.25 kila sekunde; filamu ya gigabaiti 1 itachukua zaidi ya dakika 13 hata laini ikifanya kazi kikamilifu. Mteja asiyejua hili huona 1.25 kwenye kompyuta yake na kuamini ameibiwa, kumbe amepewa alicholipia.

Mahitaji halisi ya nyumba ni madogo kuliko yanavyodhaniwa. Netflix hupendekeza Mbps 3 kwa video ya 720p, Mbps 5 kwa 1080p na Mbps 15 kwa 4K. Nyumba ambamo televisheni inaonyesha tamthilia kwa 1080p, mzazi mmoja yuko kwenye kikao cha video na watoto wawili wanatazama katuni kwenye simu, haifikii Mbps 20. Kutoka Mbps 5 kwenda 20 ni mabadiliko ambayo kila mtu nyumbani ataona. Kutoka 40 kwenda 100, wengi hawataona kitu isipokuwa siku ya kupakua mchezo mkubwa wa kompyuta. Fedha ya tofauti hiyo ingetumika vizuri zaidi kununua betri ya ruta au laini ya akiba ya mtandao mwingine.

Neno la kutazamwa kwenye tangazo ni “hadi”. Nyumba 64 zinazogawana uzi mmoja zikiuziwa Mbps 100 kila moja, jumla ni gigabiti 6.4, wakati uzi una gigabiti 2.5. Huo si wizi. Watu hawatumii wote kwa sekunde moja, na hakuna mtandao duniani unaojengwa kwa kudhani hivyo. Ubaya huanza kampuni inapoendelea kuunganisha wateja bila kuongeza uwezo inaoununua kutoka juu. Dalili yake ni moja na haikosei: huduma ni safi asubuhi, hudhoofika kuanzia saa moja usiku, na hufufuka baada ya saa tano watu wanapolala. Laini yenye hitilafu ya waya haichagui saa. Mteja anayeweza kutofautisha dalili hizi mbili hajibiwi kirahisi na dawati la huduma kwa wateja kwamba azime ruta na kuiwasha tena.

Kasi ya kupakia hutajwa kwa herufi ndogo au haitajwi kabisa. Mwenye nyumba anayetazama tu haihitaji sana. Mwalimu anayefundisha kwa video, mpiga picha anayetuma kazi kwa mteja, au familia yenye kamera za ulinzi zinazohifadhi picha mtandaoni, wote huishi kwa kasi hiyo. Baadhi ya vifurushi vya faiba hutoa kasi sawa pande zote mbili. 4G na setilaiti hutoa sehemu ndogo tu upande wa kupakia. Ni swali la sentensi moja, na liulizwe kabla ya kusaini.

Neno jingine la kuchunguza ni “bila kikomo”. Vifurushi vingi vyenye jina hilo vina sera ya matumizi ya haki: mteja akivuka kiasi fulani cha gigabaiti ndani ya mwezi, kasi hupunguzwa mpaka mwezi mpya. Video ya Mbps 5 hula takriban gigabaiti 2.25 kwa saa. Televisheni inayowaka saa 3 kila jioni itamaliza gigabaiti 200 kwa mwezi peke yake, kabla ya simu za watoto na masasisho ya kompyuta. Kikomo cha gigabaiti 1,000 hakiwezi kuisumbua familia ya kawaida. Cha 100 kitaisumbua kabla mwezi haujafika nusu. Kampuni isiyotaka kutaja namba hiyo kwa maandishi inajua kwa nini.

Baada ya kifurushi kuna njia inayoiunganisha kampuni na dunia. Hadi 2009 mawasiliano ya Afrika Mashariki na dunia yalipita kwa setilaiti, ghali na taratibu. Mwaka huo mkongo wa baharini wa SEACOM ulitua Mombasa na Dar es Salaam, na TEAMS ukaunganisha Mombasa na Fujairah katika Falme za Kiarabu. EASSy ukafuata 2010, na mingine imeongezeka tangu hapo. Mteja wa nyumbani hana haja ya kujua ramani yote, ila kuna jambo moja linalomhusu moja kwa moja: kampuni yake imenunua uwezo kwenye mikongo mingapi? Tarehe 12 Mei 2024 EASSy na SEACOM ilikatika baharini kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, miezi michache tu baada ya mikongo mingine kukatika katika Bahari ya Shamu. Tanzania iliumia sana; Kenya, yenye TEAMS na njia nyingine, iliyumba lakini iliendelea. Ndani ya nchi ileile, waliokuwa na njia mbadala waliendelea kutuma barua pepe wakati majirani zao walikuwa gizani.

Jambo hili lina mtego kwa wanaolipia laini mbili ili moja iwe akiba. Kampuni ndogo nyingi hununua uwezo kwa jumla kutoka kwa kampuni kubwa na kuuza rejareja chini ya jina lao. Chapa mbili zinazoshindana mtaani zinaweza kunywa kutoka chanzo kimoja, na kikikauka zinakauka pamoja. Akiba ya kweli ni ya njia tofauti: faiba pamoja na ruta ya laini ya simu kutoka kampuni nyingine, au faiba pamoja na dishi.

Sehemu kubwa ya yale ambayo nyumba hutazama, hata hivyo, haivuki bahari. Google, Netflix na Meta huweka nakala za video zinazopendwa ndani ya nchi, mara nyingi kwenye mitandao ya watoa huduma wenyewe. Ndiyo sababu siku mkongo unapokatika YouTube huweza kuendelea vizuri wakati mfumo wa benki au wa chuo cha ng’ambo haufunguki. Mawasiliano ya ndani nayo hukutana kwenye vituo vya kubadilishana: KIXP cha Nairobi, kilichoanza mwaka 2000, na TIX cha Dar es Salaam, cha 2004. KIXP kilifungwa wiki chache baada ya kuanza, Telkom Kenya ilipolalamika kwamba kinavunja haki yake ya pekee, na kikafunguliwa upya Februari 2002. Kabla ya hapo ujumbe kutoka ofisi moja ya Nairobi kwenda nyingine mtaa wa pili ulipanda angani, ukafika ng’ambo na kurudi. Waliopigania kituo kile waliwafanyia watumiaji wa leo jambo kubwa ambalo halionekani kwenye bili yoyote.

Umbali una gharama isiyofutika. Mwanga ndani ya kioo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, hivyo kila kilomita 1,000 huongeza milisekunde 10 za kwenda na kurudi. Seva iliyo umbali wa kilomita 10,000 kwa waya haitajibu chini ya milisekunde 100, hata kwa kifurushi cha gigabiti nzima. Anayecheza michezo ya mtandaoni na wenzake wa Ulaya, au anayeingia kila siku kwenye mfumo wa mwajiri aliye Canada, anahitaji kampuni yenye njia fupi na isiyo na msongamano kuelekea huko. Mbps za ziada hazitamsaidia.

Upimaji wa kasi unafuata mantiki hiyohiyo. Tovuti na programu za kupima huchagua seva iliyo karibu zaidi, mara nyingi ndani ya mji uleule na wakati mwingine ndani ya kampuni yenyewe. Matokeo mazuri hapo yanathibitisha kwamba waya wa nyumbani ni mzima, basi. Mtu anayetaka kujua hali ya safari nzima huchagua kwa mkono seva ya London au Johannesburg, hupima mchana na tena usiku, na huunganisha kompyuta kwa waya kwenye ruta badala ya Wi-Fi. Kipimo kimoja hakitoshi kuihukumu kampuni. Vya wiki nzima, vikiandikwa pamoja na saa, vinatosha kabisa, na ni ushahidi ambao dawati la malalamiko haliwezi kuupuuza kirahisi.

Sasa matengenezo, ambayo yana uzito kuliko kasi, bei na jina la chapa vyote pamoja. Laini ya Mbps 15 inayorudi baada ya saa 3 ni bora kuliko ya Mbps 100 inayorudi baada ya siku 5. Hakuna kampuni inayoweza kuahidi kwamba waya hautakatwa, kwa sababu anayeukata ni mkandarasi wa barabara au dereva wa lori. Kinachoweza kuahidiwa ni kwamba kuna fundi, ana mashine, ana gari, na yuko karibu. Kampuni kadhaa hazina mafundi wao. Huwapa kazi wakandarasi wadogo wanaolipwa kwa kila nyumba inayounganishwa. Mpangilio huo huleta mafundi watatu siku ya kufunga huduma, na hakuna hata mmoja siku ya kutengeneza.

Brosha haisemi haya. Wakazi wa mtaa ndio wanaoyajua. Kwa jirani aliyetumia huduma hiyo mwaka mzima au zaidi, swali lenye faida si kama intaneti yake ni nzuri, maana jibu litategemea hali yake ya siku hiyo. Ni hili: mara ya mwisho ilipokatika kabisa, ilirudi baada ya muda gani, na alimpigia nani? Mlinzi wa jengo na msimamizi wake hujua zaidi, kwa kuwa ndio wanaowafungulia mafundi geti. Kundi la WhatsApp la mtaa ni hazina ya aina hiyo, mradi msomaji atenganishe malalamiko ya siku moja na yale yanayojirudia kila mwezi. Ikiwa majirani watatu wanataja jina lilelile la fundi anayekuja, kampuni hiyo ina mizizi mtaani.

Mteja naye hufupisha matengenezo akijua kusoma taa. Kwenye kifaa cha faiba, taa iliyoandikwa LOS ikiwaka nyekundu ina maana kwamba mwanga haufiki nyumbani: kosa liko kwenye waya, na kuzima na kuwasha hakutasaidia. Ikiwa taa ya PON ni ya kijani na haipepesi, waya ni mzima na tatizo liko kwenye mipangilio, malipo au ndani ya mtandao wa kampuni. Fundi anayejua kazi hupima nguvu ya mwanga siku ya kufunga; kwenye GPON ya kawaida kipimo cha chini kinachovumilika ni takriban dBm -27, na laini inayoanza ikiwa karibu na hapo itasumbua mapema. Mteja ana haki ya kuomba aonyeshwe namba hiyo. Pia azuie waya mwembamba unaoingia kwenye kifaa usikunjwe kona kali nyuma ya kabati, kwa sababu mwanga huvuja kwenye mkunjo.

Katika nyumba za ghorofa uchaguzi mara nyingi umeshafanywa na mtu mwingine. Mwenye jengo hukubaliana na kampuni moja ivute faiba hadi kila mlango, na nyingine hazipewi nafasi kwenye mifereji. Mpangaji huambiwa hivyo baada ya kulipa kodi na amana. Ni desturi mbaya, kwa sababu kampuni isiyo na mshindani ndani ya jengo haina haraka ya kumtuma fundi. Dawa yake ni kuuliza kabla ya kulipa amana, kama watu wanavyouliza kuhusu maji na maegesho. Wapangaji wakiuliza kwa wingi, wenye majengo husikia. Aliyekwishaingia anabaki na ruta ya laini ya simu au, mahali inaporuhusiwa, antena ya paani. Kuna pia wanaovuta laini moja na kuisambaza kwa majirani kwa malipo ya siku au wiki. Kwa mwenye kipato kidogo bei yake inavutia, lakini mikataba ya kampuni nyingi hukataza biashara hiyo, na asiye na leseni akizimiwa laini, wateja wake hawana pa kudai.

Mkataba usomwe kwa mambo machache. Je, gharama ya kufunga ipo, na inarudishwa? Ruta ni mali ya nani, na ikiungua na radi nani analipa? Kuna muda wa chini wa kubaki? Akihama nyumba, kuhamisha huduma kunagharimu kiasi gani, na kampuni ipo huko anakohamia? Anayesafiri mara nyingi hupendelea kulipa kabla, kwa vipindi vya siku 30, mpango ambao humruhusu kuacha mwezi bila deni. Bili ya kila mwezi huendelea kuhesabu nyumba ikiwa tupu. La kuangaliwa zaidi ni siku zilizopotea: kampuni nzuri huongeza siku zilezile mwishoni mwa kifurushi, nyingine huhitaji mteja aombe, na nyingine hazifanyi kabisa.

Nyumba chache zina hitaji la ziada la anwani ya umma. Kwa kuwa anwani za mtandao za mfumo wa zamani zimekuwa adimu, kampuni huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Kutazama, kusoma na kuzungumza hakuathiriki. Mwenye kamera za ulinzi zinazofikiwa moja kwa moja kutoka nje, au anayeendesha seva nyumbani, atakuta milango imefungwa. Kampuni nyingi huuza anwani ya pekee kwa ada ndogo ya mwezi. Kamera za kisasa zinazopitia seva ya mtengenezaji haziihitaji.

Lawama nyingi zinazotupiwa kampuni ni za Wi-Fi. Ruta iliyofungiwa ndani ya kabati la televisheni sebuleni, katika nyumba ya kuta za tofali na zege, haiwezi kufika chumba cha mwisho, hata laini iwe ya aina gani. Masafa ya 2.4 GHz hupenya kuta vizuri lakini katika ghorofa zilizosongamana hugongana na ya majirani. Ya 5 GHz ni ya kasi na tulivu, ila hukomea ukuta wa pili. Ruta ikae katikati ya nyumba, juu, mahali wazi, na fundi aambiwe hivyo kabla hajapigilia waya kwenye kona iliyo rahisi kwake. Nyumba kubwa huhitaji kifaa cha pili kilichounganishwa kwa waya. Kabla ya kuhama kampuni kwa hasira, mtu asimame karibu na ruta na kupima tena. Kama pale kasi ni kamili, kampuni mpya italeta tatizo lilelile.

Mzozo usioisha una pa kwenda. Kenya kuna Mamlaka ya Mawasiliano, na Tanzania kuna TCRA pamoja na baraza lake la watumiaji. Malalamiko hupelekwa kwanza kwa kampuni, kwa maandishi na kwa kupata namba ya kumbukumbu, kisha kwa mamlaka iwapo hayakujibiwa. Hapo ndipo rekodi za vipimo vya wiki nzima na picha za taa nyekundu zenye tarehe hufanya kazi.

Anayeamua kuhama asikate laini ya zamani siku ileile mpya inapofungwa. Zote mbili zikae kwa wiki moja, wikendi ikiwa ndani yake, maana laini mpya hujulikana Ijumaa na Jumapili usiku. Ruta mpya ipewe jina na nywila zilezile za Wi-Fi ya zamani, ili simu, televisheni na kamera zijiunge zenyewe bila kupangwa upya moja moja. Malipo ya kujirudia yafutwe kwa mkono, na ruta iliyokuwa mali ya kampuni irudishwe ofisini ikiwa imefutwa mipangilio, kwa stakabadhi yenye namba ya kifaa, kwa sababu deni la ruta isiyorudishwa huweza kudaiwa muda mrefu baada ya mteja kusahau.